Kokoto Nyeupe za Fundi Kivuli

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, tunawaomba mkae, wa nyuma wasogee kidogo ili wasikie. Historia hii ya marehemu imeandikwa na binti yake wa pekee, na inasomwa na mjomba wa binti huyo, yaani mdogo wa marehemu, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa mtaa huu, kwa kuwa familia ilikaa jana ikaamua kwamba yeye ndiye mwakilishi wake, na binti akakubali kwa sharti moja tu, kwamba mjomba asome kilichoandikwa kama kilivyoandikwa, asiruke mstari, asiongeze la kwake, na karatasi zenyewe akabidhiwe akiwa ameshasimama mbele yenu. Mjomba alikubali, tena mbele ya mashahidi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Aprili 1964, saa saba mchana, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mkewe, katika chumba kimoja cha kupanga, nyumba ya nne kutoka kwenye kituo cha mabasi, chenye dirisha dogo la kupitisha kichwa tu na paa la bati lisilo na dari, na bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba mkunga alitoka nje mara tatu kupunga hewa, na kwamba mtoto alilia bila kupumzika mpaka alipotolewa kibarazani, akanyamaza hapo hapo, ndiyo maana ndugu zake walimtania maisha yake yote kuwa alianza kulalamikia mapaa ya watu akiwa na umri wa dakika kumi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971 na kumaliza mwaka 1977, akajiunga na sekondari ya kutwa mwaka 1978 na kumaliza mwaka 1981. Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alisimamisha kijiti katikati ya uwanja, akawaambia wanafunzi waweke kokoto kwenye ncha ya kivuli kila kengele ya kipindi inapolia, wenzake wakaweka mbili tatu wakaenda zao kucheza, yeye akabaki na kijiti mpaka kengele ya kurudi nyumbani, na alipoulizwa alikuwa anangoja nini, akajibu kwamba alitaka kuona kinakoishia. Mdogo wake, msomaji wa historia hii, alizaliwa mwaka 1976, na mgongo uliombeba ulikuwa wa dada yake huyo, na aliyemfundisha kusoma na kuandika, kwa kijiti kwenye vumbi la uani, ni dada yake huyo huyo, na matunda ya kazi hiyo mnayasikia sasa hivi.

Mwaka 1982 aliingia chuo cha ufundi kusomea uashi, msichana pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja, wakamwita kila jina, akamaliza mwaka 1984 wa kwanza kwa alama, na majina yote yakaisha.

Kuanzia mwaka 1985 alifanya kazi kwenye saiti za watu mbalimbali, na kuanzia mwaka 1998 akawa anachukua kazi kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na namna yake ya kuanza ambayo hakuiacha hata siku moja. Kabla ya tofali la kwanza, alifika kiwanjani jua linapochomoza, akasimamisha kijiti, akageuza ndoo akaikalia, na kila saa akaweka kokoto moja nyeupe kwenye ncha ya kivuli, mpaka magharibi, na hapo tu ndipo alipofungua kinywa kusema dirisha likae wapi, jiko lielekee wapi, na paa litokeze kiasi gani ili ukuta usipigwe na jua la mchana. Wenye viwanja walikuwa wakimuuliza kama wamemwita ajenge au alinde kijiti, wakacheka sana, wakambatiza Fundi Kivuli, na msimu wa joto ulipofika, wale wale waliocheka walikuwa wakija kumshukuru wakiwa wamevaa mikono mirefu, maana ndani ya nyumba zake feni ilikuwa pambo.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990 na fundi cherehani, mume wake mpaka juzi, ambaye amekaa pale mbele. Walikutana kwa sababu ya joto. Duka la baba lilikuwa linaungua kuanzia saa nne asubuhi, wateja wakija kupima nguo wanaondoka wamelowa, na siku moja akamwona dada mmoja amesimamisha kijiti mlangoni kwake na kukalia ndoo kutwa nzima, akadhani ametumwa na mshonaji wa jirani aje kumfukuzia wateja, akamfokea, na dada akaendelea kuweka kokoto zake mpaka jioni, alipomwambia ahamishe cherehani upande wa pili na atoboe matundu mawili juu ya mlango. Baba alitoboa akiwa amenuna. Wiki iliyofuata alimfuata saiti kumwambia kwamba duka limepoa, sasa na mwenye duka naye aonewe huruma.

Katika ndoa hiyo walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 27 Juni 1993, ambaye leo ni fundi umeme, na wakamlea mwingine ambaye hawakumzaa, yaani mdogo wa marehemu, aliyehamia kwao akiwa na miaka kumi na minne na kutoka siku alipooa, akiwa amekula, amesoma na amevalishwa kwa cherehani ya shemeji yake, jambo ambalo mjomba mwenyewe husimulia vizuri sana kwenye sherehe.

Mwaka 2010 marehemu aliajiriwa na kampuni iliyotaka kujenga mtaa wa nyumba za jua, nyumba arobaini na mbili, ndio huu tuliomo. Alikaa na kijiti chake kwenye kiwanja hiki siku kumi na mbili mfululizo. Kuta hizi nene za matofali ya udongo na saruji, matundu haya chini ya mapaa, vibaraza hivi virefu, vyote ni vyake, na wanaoishi humu wanajua kwamba mchana wa joto ukitoka barabarani ukaingia ndani ni kama umemwagiwa maji. Kitu kimoja tu si chake. Yeye alichora paneli za sola zikae paa la nyuma, ambako hakuna kinachoweza kuja kuzikinga, na Mkurugenzi wa kampuni, mtu mpole, mwenye tabasamu, alitazama mchoro akauliza, sasa mgeni akipita barabarani ataona nini. Marehemu alieleza mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa kokoto, mara ya tatu kwa kununa, kisha paneli zikafungwa paa la mbele, nyumba zote arobaini na mbili, nne nne, mstari umenyooka, na wageni wakaona.

Mwaka 2012 marehemu alihamia nyumba hii namba moja, hapa langoni, na kwa maombi yake mwenyewe mdogo wake akapewa namba tano. Mwaka uliofuata jirani yetu mchomeleaji aliamua kuhamisha paneli zake peke yake, akateleza, akavunjika mguu, na nyaya alizoziacha wazi nusura ziunguze nyumba tatu, na marehemu, aliyekuwa msimamizi wa ufundi, akaandika kanuni ya mistari miwili, kwamba mtu yeyote asiguse paneli zilizo juu ya paa bila barua iliyosainiwa na mwenyekiti wa kamati. Mkurugenzi aliipenda kanuni hiyo, ikapakwa rangi kwenye bati pale getini, na bati lipo mpaka leo. Tunaomba mlikumbuke, maana tutalirudia.

Marehemu aliacha kazi tarehe 30 Agosti 2019 kwa sababu ya kifua. Miaka tisa alikuwa akisimamia ukataji wa matofali akiwa amesimama katikati ya vumbi, barakoa za kuzuia vumbi ziliahidiwa kila robo ya mwaka, zikafika mwaka ambao yeye aliondoka, na siku ya kumuaga alizawadiwa saa ya ukutani, yeye aliyekuwa akijua saa kwa kutazama chini. Daktari alisema mapafu yana makovu, makovu hayaponi, kinachowezekana ni kuyatunza. Tarehe 5 Novemba 2023 aliruhusiwa kutoka hospitali kurudi nyumbani akiwa na mashine ya oksijeni, inayokwenda kwa umeme mchana kutwa na usiku kucha, na binti yake akaiunganisha na umeme wa kawaida, na ukikatika, iendeshwe na sola na betri zake, na pembeni ukawekwa mtungi mmoja wa akiba. Katika nyumba nyingine yoyote hesabu hiyo ingetosha.

Tarehe 3 Februari 2024 kampuni ilisimamisha bango hapa langoni, mbele ya nyumba hii, refu kuliko paa, kutangaza nyumba za jua. Picha iliyo juu yake mnaiona, hakuna haja ya kugeuka wote kwa pamoja. Ni ya mdogo wa marehemu, katika shati jeupe lililoshonwa na shemeji yake, ametabasamu, ameinua kiganja kama anayelikaribisha jua, na kusema kweli ametoka vizuri. Wiki ya kwanza alikuja kulitazama kila asubuhi, na marehemu alikuwa akimchungulia dirishani na kucheka mpaka anakohoa, akisema mwacheni, mdogo wangu hajawahi kuwa mrefu hivi.

Wiki ya pili aliacha kucheka. Aliomba atolewe hapa mbele ya nyumba na kiti chake na mrija wake wa oksijeni, akasimamisha kijiti kwa mara ya mwisho katika maisha yake, akamwelekeza mumewe wapi aweke kokoto kufuata ukingo wa kivuli cha bango, na jioni akasema kwamba kivuli kinapanda paa saa saba na nusu mchana na kuliacha saa kumi na nusu, saa tatu kamili, na kwamba miezi ikienda kitahama kidogo lakini paa hakitaliacha. Kwa wasiojua kazi hii, paneli hizi nne zimefungwa pamoja, kivuli kikiigusa moja, zote zinalegea. Siku hiyo hiyo, Jumapili, tarehe 11 Februari, alimwita mdogo wake, akamkalisha pale kibarazani, akamwambia kwa utani, maana hakuwahi kumkaripia tangu utoto, kwamba uso wenyewe mzuri, tatizo umekaa kwenye jua langu, zungumza na wenzako wausogeze. Mjomba alisema ataliangalia.

Alipoona haliangaliwi, aliomba kidogo zaidi. Tarehe 19 Februari 2024 alimwandikia mwenyekiti wa kamati barua, kwa mkono wake, mistari sita, kwamba bango likae, yeye aruhusiwe tu kuhamishia paneli zake nne paa la nyuma. Mwenyekiti alijibu kwa mdomo kwamba subira dada, kuna wageni wa mwezi wa tatu wanaokuja kutazama mtaa, paa moja likibaki tupu mstari utaharibika. Wageni wa mwezi wa tatu walipoondoka wakaja wa mwezi wa tano, wa mwezi wa tano walipoondoka ikasemekana kuna tuzo, na mtaa unaoshindania tuzo haubadilishi sura. Barua iko ofisi ya kamati, droo ya pili kutoka juu, chini ya kalenda.

Hapa wengi watamuuliza binti, wewe si fundi umeme, ulikuwa wapi. Tarehe 2 Juni 2024 binti alipanda paa na spana zake, akalegeza nati ya kwanza, na mama yake akamsikia kutoka kitandani, akajikokota mpaka mlangoni na mrija wake, akamwambia shuka. Binti alimwambia mama, hii ni pumzi yako. Marehemu akasema kanuni ile ameiandika yeye, mtu alivunjika mguu ndipo ikaandikwa, hawezi kuivunja kwa kuwa mwenyekiti ni mdogo wake na fundi ni mwanawe, barua kwanza. Binti akakaza nati, akashuka. Ameshuka ngazi nyingi katika kazi yake, lakini ile ndiyo anayoipanda na kuishuka kila akifumba macho.

Umeme wa mtaa ulikatika Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, jioni, na haukurudi Jumatano wala Alhamisi. Mtungi wa akiba uliisha Jumatano, na gari la mitungi lilikuwa la Ijumaa. Asubuhi mbili hizo kulikuwa na mawingu mpaka saa tano, betri zikapata kidogo kilichopatikana, na Alhamisi, tarehe 12 Septemba, saa sita mchana, jua lilitoka lote, kali, binti akamwambia mama yake sasa tumepona. Saa saba na nusu kivuli kikapanda paa. Saa nane kasoro dakika kumi mashine ikaanza kulia, kisha ikazima. Baba aliita gari la wagonjwa, likasema linakuja, nalo lilikuja, lakini mji una wagonjwa wengi. Baba alimpigia mwenyekiti simu mara kumi na moja, simu ikiita bila kupokewa, kwa sababu mwenyekiti alikuwa katika nyumba ya mfano, namba kumi, akiwaonyesha wageni wa tuzo namna hewa inavyopita chini ya paa la marehemu. Jirani mchomeleaji, na mguu wake ule ule, alikimbia mpaka namba kumi, akasimama mlangoni akihema, na mwenyekiti alipomwona alimwinulia kiganja, yaani subiri kidogo, ninaongea na wageni.

Saa nane kamili binti alipanda paa bila barua. Alifungua paneli nne, akazivusha mgongo wa paa moja moja, akazilaza paa la nyuma na kuzifunga kwa kamba, akaunganisha nyaya, na saa nane na dakika hamsini mashine ya oksijeni ikawaka yenyewe chumbani, ikanguruma vizuri kabisa. Marehemu alikuwa amekata roho saa nane na dakika arobaini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake, akiwa na umri wa miaka sitini na miezi minne. Tangu tarehe ya barua mpaka siku hiyo ni siku mia mbili na sita. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika hamsini, na angekuwepo wa pili wa kushika paneli ingekuwa ya nusu saa.

Msomaji anaombwa asikunje karatasi bado.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomhudumia marehemu kwa miaka mitano bila kumchoka, dereva wa gari la wagonjwa, aliyefika akalia pamoja nasi wakati angeweza kugeuza gari tu, na majirani wote, hasa jirani mchomeleaji, ambaye mbio zake zile hatutazisahau. Tunawashukuru mafundi waliofanya kazi na marehemu, waliokuja leo na ndoo zao wakazikalia badala ya viti, kwa heshima yake. Tunaishukuru kampuni kwa shada kubwa la maua, na tunamshukuru aliyelisogeza mahali penye ubaridi lisinyauke.

Ubaridi wenyewe ni wa nini, wengi wenu mnaujua. Tangu usomaji huu uanze mmevisogeza viti mara mbili, hakuna aliyewaambia, mmefuata tu penye nafuu, na hakuna anayewalaumu, jua ni kali. Tazameni chini ya miguu yenu. Kokoto hizo nyeupe mlizozikanyaga hazikumwagwa na watoto, ziliwekwa tarehe 11 Februari, na kivuli mnachokalia ni kile kile, na kipo paani muda huu, ila leo hakina cha kuzima.

Jambo la mwisho. Jumatano jioni, pumzi ikiwa bado inamtosha kuongea, marehemu alimshika binti yake mkono, akamwambia, najua ulivyo na mdomo, lolote litakalonipata, usije ukamsema mjomba wako mbele za watu, ni mtoto wangu yule, nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe. Binti aliahidi, na ahadi ameitimiza, maana tangu mfike hapa hajatamka neno hata moja, yote mmeyasikia kutoka kwa mjomba.

Fundi Kivuli, mama, paneli ziko nyuma, zinapata jua mpaka jioni. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.